Mkoromo Unaponyamaza Ghafla

Kama kuna mtu mnayelala naye chumba kimoja, awe mke, mume, ndugu au mwenzako wa bwenini, mwite asogee karibu na redio. Mazungumzo ya leo yanamhitaji yeye pengine kuliko yanavyokuhitaji wewe.

Kukoroma tumekuzoea. Mtu akikoroma tunasema ana usingizi mnono, au kachoka na kazi za mchana, na kwa wengi ni kweli hakuna madhara. Lakini kuna mkoromo unaopanda, ukazidi kupanda, halafu ghafla kimya. Mtazame aliyelala wakati huo. Kifua na tumbo vinahangaika, kimoja kinapanda kingine kinabonyea, ila puani na mdomoni hewa haiingii wala haitoki. Zinapita sekunde 10, 20, wakati mwingine hata dakika nzima. Kisha anashtuka kwa kishindo, anavuta pumzi ndefu, anajigeuza, anameza mate, na mkoromo unaanza upya. Baada ya muda mfupi, kimya tena. Asubuhi ukimuuliza amelalaje, atakujibu kwamba amelala vizuri tu. Hasemi uongo. Mara nyingi huwa hakumbuki chochote.

Hali hiyo ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na madaktari huiita apnea ya usingizi. Sehemu ya koo iliyo nyuma ya ulimi haina mfupa wa kuishikilia wazi. Inashikiliwa na misuli. Tukilala, misuli hulegea. Kwa mtu ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma na kuta za koo hubanana, mfano wa mrija laini wa juisi unapounyonya kwa nguvu. Mapafu yanavuta, hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unapiga kengele ya hatari, moyo unakwenda mbio, mishipa inakaza, presha inapanda. Ubongo unamwamsha mgonjwa kidogo tu, kiasi cha kulifungua koo, kisha anazama tena usingizini bila kujua kilichotokea. Pumzi ikikatika mara 30 kwa saa, ndani ya saa 7 moyo umepitia shida hiyo mara 210. Huo ni usiku mmoja, na kuna watu wamelala hivyo kwa miaka 10 au 20.

Sasa si ajabu mtu huyo akaamka amechoka kuliko alivyolala. Kichwa kinauma asubuhi, mdomo umekauka. Anasinzia kanisani, msikitini, kwenye kikao, hata katikati ya mazungumzo. Anasahau vitu, anakasirika upesi, nguvu za kiume zinapungua. Usiku anaamka kukojoa mara tatu au nne na kudhani ni kisukari au tezi dume, kumbe wakati mwingine ni moyo uliotanuka kwa msukosuko wa pumzi na kutoa homoni inayoziamuru figo zitengeneze mkojo mwingi. Wengine hushtuka wakitweta na kusema wamekabwa na jinamizi. Jinamizi lina dalili yake: macho yako wazi, akili inajua, mwili haunyanyuki. Anayekatika pumzi hushtuka akihema na mwili wake unatii. Inaniuma kuona watu wa namna hii wakiitwa wavivu, au wakizungushwa kwa waganga kwa madai ya kurogwa, wakati wanachokosa ni hewa.

Madhara yake ni makubwa. Ugonjwa huu huchangia shinikizo la damu, na unakutwa sana kwa watu wanaomeza dawa tatu za presha na presha bado haishuki. Unahusishwa pia na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kiharusi na kisukari cha ukubwani.

Nani yuko hatarini? Unene ni sababu kubwa, hasa mafuta yanayojaa shingoni na kuzunguka koo. Wanaume hupata zaidi, na umri ukisogea hatari inaongezeka. Ila asidanganyike mtu mwembamba: taya dogo lililorudi nyuma au tonsili kubwa zinatosha kuziba njia. Wanawake pia wanaupata, zaidi baada ya kukoma hedhi, na wao mara nyingi hulalamika kukosa usingizi, uchovu na kichwa kuuma, basi wanapewa dawa za kutuliza na kurudishwa nyumbani. Baadhi ya dawa hizo huilegeza misuli ya koo zaidi.

Na watoto je? Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, anatokwa na jasho jingi usingizini, anakojoa kitandani wakati alishaacha, na shuleni hatulii wala hashiki masomo, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa watoto chanzo mara nyingi ni tonsili na nyama za puani, na upasuaji wa kuziondoa huwasaidia wengi wao. Nawasihi wazazi, msimpeleke kwa mkata kimeo. Kumkata mtoto kimeo hakutibu tatizo hili. Kumeleta kutokwa na damu nyingi na maambukizi, na wapo watoto waliopoteza maisha.

Sasa chukua kalamu. Mwaka 2008 madaktari wa nusu kaputi wa Toronto, Kanada, wakiongozwa na Frances Chung, walichapisha maswali manane ya kuwatambua wenye hatari ya ugonjwa huu kabla hawajaingia chumba cha upasuaji. Nitayasoma polepole, na wewe hesabu ndiyo zako. Je, unakoroma kwa sauti inayosikika nje ya mlango uliofungwa? Mara nyingi mchana unachoka au unasinzia? Kuna mtu amekuona pumzi ikikatika usingizini? Una presha, au unatumia dawa zake? Uzito wako umezidi sana, yaani kilo zako ukizigawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe unapata zaidi ya 35? Umri umepita miaka 50? Shingo yako ni nene, mzunguko wake unapita sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Ukiwa na ndiyo tatu au zaidi, nenda ukamwone daktari. Na siku ukipangiwa upasuaji wowote, mwambie daktari wa nusu kaputi habari za mkoromo wako kabla hajakulaza, kwa sababu dawa zake hulegeza koo hilo hilo.

Ukienda hospitali, nenda na yule anayekusikia usiku. Swali la tatu huwezi kulijibu peke yako. Kama hawezi kuja, akurekodi kwa simu dakika chache umelala, sauti na picha, umpelekee daktari. Nimeona mara nyingi mgonjwa akikana katakata kwamba anakoroma, na mkewe amekaa pembeni kimya kwa heshima. Mama, hapo zungumza. Ushahidi wako ndio unaomfikisha mumeo kwenye kipimo.

Kipimo kamili ni kulala hospitalini usiku mmoja. Wanakubandika nyaya ndogo kichwani, kidevuni na miguuni, mikanda miwili kifuani na tumboni, kijibomba puani cha kupima hewa, na kifaa kidoleni cha kupima oksijeni. Haziumi, wala hudungwi sindano. Kuna pia kifaa chenye nyaya chache unachokwenda nacho nyumbani. Asubuhi wanahesabu pumzi ilikatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Chini ya mara 5 kwa mtu mzima ni kawaida. 5 hadi 14 ni hafifu. 15 hadi 29 ni wastani. 30 kwenda juu ni ugonjwa mkali. Kwetu huduma hii ingali katika hospitali chache za miji mikubwa, Nairobi ikiwemo, kwa hiyo anza na daktari aliye karibu nawe na umwombe barua ya rufaa.

Tiba ipo. Zamani mgonjwa mahututi wa ugonjwa huu alitobolewa shingoni apumulie hapo. Mwaka 1980 daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alikuwa na mgonjwa wa kutobolewa hivyo. Akaunganisha mota inayosukuma hewa na bomba la plastiki, akalipeleka hadi kwenye barakoa ya puani, na mgonjwa akalala usiku ule koo likiwa wazi. Mwaka 1981 alichapisha matokeo ya wagonjwa watano katika jarida la Lancet. Mashine hiyo ndiyo leo inaitwa CPAP, ndogo ya kukaa juu ya stuli pembeni ya kitanda.

Watu huidhania ni mtungi wa oksijeni. Sivyo. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, na kuisukuma kwa nguvu ndogo inayoinua kuta za koo zisibanane. Wiki za mwanzo barakoa inakera, pua inakauka, mtu anajisikia amefungwa. Usiitupe kabatini. Rudi wakubadilishie saizi ya barakoa, wakupunguzie mgandamizo wa mwanzo, wakuwekee kichombo cha maji cha kulainisha hewa. Barakoa ifutwe kila siku, maji yabadilishwe kila siku. Mashine haiponyi moja kwa moja, ukiiacha ugonjwa unarudi, ila kwa anayeivaa kila usiku mkoromo unakoma na kusinzia kunapungua. Presha nayo hushuka kiasi. Dawa zake usiziache bila daktari.

Mashine hii ni ghali, na inahitaji umeme usiokatika au betri. Mimi naona mifuko ya bima inayolipia dawa za presha miaka nenda miaka rudi ingepaswa kuilipia na hii. Asiyeimudu asikate tamaa. Kupunguza uzito, kulala ubavu badala ya chali, na kuacha pombe jioni husaidia kweli, hasa ugonjwa ukiwa hafifu. Daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha kuvaliwa mdomoni kinachovuta taya la chini mbele. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha sindano ya kupunguza uzito iitwayo tirzepatide kwa wagonjwa wanene wenye ugonjwa wa wastani au mkali.

Namalizia na madereva wa malori, mabasi, daladala na bodaboda. Kama una dalili nilizotaja na umewahi kushtuka chombo kimeshaacha njia, basi kahawa, mirungi, kufungua dirisha na kupandisha sauti ya redio havitakuokoa. Usingizi wa namna hii haupigi hodi. Mwambie tajiri wako ukweli, na wewe tajiri usimfukuze, mpeleke akapimwe. Dereva akishatibiwa na kusinzia kukaisha, daktari akamruhusu, anarudi barabarani na kazi yake.