Kura na Wajibu wa Mwananchi
(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya mandir yetu, 2015)



Nimepewa dakika kumi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa duka wala si mhadhiri, nitajitahidi nisizidishe kipimo. Nimechagua kuzungumzia kura kwa sababu mwaka huu ni wa uchaguzi mkuu, na kwa sababu jumuiya yetu ina ukimya juu ya jambo hili ambao haunipendezi.

Vijana wetu huidhani kura kuwa kitu kilichokuwapo siku zote. Sivyo. Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Ilimpasa mpiga kura awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo kilichotajwa na sheria. Tena alilazimika kuchagua watu watatu kwa pamoja: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilikaribia kuususia uchaguzi huo. Ni katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, ndipo Mwalimu Nyerere alipowashawishi wenzake washiriki. Sophia Mustafa wa Arusha na Amir Jamal waliingia Barazani wakiungwa mkono na TANU, ingawa chama chenyewe kilikuwa bado hakijafungua uanachama wake kwa wasio Waafrika. Tulitafakari hilo kwa utulivu.

Kisha, Oktoba 1961, ulikuja mjadala wa sheria ya uraia. Walikuwapo wajumbe waliotaka uraia ufuate rangi. Mwalimu alikataa kabisa, akatamka kuwa serikali yake ingejiuzulu kama mswada wake ungeshindwa. Ndiyo sheria iliyowapa waliozaliwa hapa na wazazi waliotoka ng'ambo miaka miwili baada ya Uhuru wajiandikishe kuwa raia. Wapo waliojiandikisha, na wapo waliobaki na pasipoti ya Kiingereza. Siwahukumu; kila nyumba ilikuwa na hesabu zake. Lakini sisi tuliobaki raia, pamoja na watoto na wajukuu wetu, tumekalia kiti ambacho mtu mwingine alikuwa tayari kupoteza madaraka ili tukipate.

Je, tunakikaliaje? Niseme wazi, kwa kuwa tuko nyumbani. Mwaka wa uchaguzi ukifika, sisi hutoa michango, tena wengine kwa kila upande, ili asije mtu akanuna. Hununua mchele, unga na mafuta ya mwezi mzima. Mwenye uwezo hukata tiketi ya London au Ahmedabad, arudi mambo yakitulia. Michango ina stakabadhi na sherehe zake, lakini kura hatupigi. Mtu wa namna hiyo ni mpangaji mwema: hulipa kodi kwa wakati, hana ugomvi na mtu, na hana neno juu ya paa linalovuja.

Sidai kwamba uvivu huu ni wetu peke yetu. Mwaka 2010 walioandikishwa nchini walizidi milioni 20, na waliopiga kura hawakufika milioni 9. Lakini jumuiya ndogo ikijificha huonekana upesi zaidi kuliko kubwa. Jirani akikaa foleni tangu alfajiri, akatazama nyuma asimwone hata Mhindi mmoja, atafikiri nini? Kitongoji chetu bado watu hukiita Uhindini; jina hilo walituachia wakoloni, na ukuta wake tunaukarabati wenyewe.

Wapo wanaoniambia, "Bhai, kura yangu moja itabadilisha nini?" Katika kura ya Rais, pengine kidogo sana. Lakini kuna diwani, na kuna mwenyekiti wa mtaa. Desemba iliyopita tulichagua wenyeviti wa mitaa. Hao ndio huitisha mikutano inayozungumzia ulinzi, takataka na mitaro. Tunalalamika kwamba mvua za masika huingiza maji dukani, lakini katika mkutano wa mtaa sisi hatuonekani.

Sasa jambo la haraka. Safari hii kila mtu anaandikishwa upya katika Daftari la Kudumu kwa mashine za BVR. Kadi ya zamani haitatosha, hata kama umeitunza sandukuni pamoja na dhahabu. Kazi hiyo ilianzia Makambako, Februari, na inasogea mkoa hadi mkoa. Mashine huchukua alama za vidole na picha, kwa hiyo hakuna awezaye kumtuma karani wake. Kijana atakayetimiza miaka 18 ifikapo siku ya uchaguzi naye aende.

Nimeiomba Kamati, nayo imekubali, kwamba zamu ya mtaa wetu ikifika gari la mandir liwachukue wazee na akina mama asubuhi, baada ya aarti. Wenye maduka nawaomba wawape wafanyakazi wao nafasi ya kwenda bila kukatwa mshahara, kwani foleni ni ndefu. Ama siku ya kura yenyewe ni Jumapili, wala hakuna atakayesingizia duka. Majina ya wanaohitaji gari yaandikwe kwa Katibu, mezani pale mlangoni, kabla ya prasad kugawiwa.