Kongé ya polepole: kutayarisha safari ya Moba kwa mwenye kutembea kwa shida

(Maneno tuliyotoa mbele ya memba na wafadhili, Kalemie)



Tukiongea juu ya kurudi, wengi wanafikiri kazi ilikwisha siku tuliposhuka na mizigo yetu. Lakini kuko memba ambao tangu walirudi hawajatoka hata mara moja katika kartié yao. Siyo kwa kukosa watu wa kutembelea. Wako na dada Moba, wako na kaburi ya mzazi kule Kirungu. Wanabaki sababu walipata polio wakiwa watoto, ao walikatwa mguu, ao magoti yamezeeka. Na sisi wenye miguu mizima tunawaambia: "Bakia tu, mzee, utachoka." Tunasema kwa huruma, lakini ni kuwafungia mlango.

Katiba ya 2006, artikle 49, inasema wazee na watu wenye ulemavu wako na haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imeongeza nguvu. Lakini sheria haibebi mtu kutoka mchangani mpaka ndani ya boti. Hiyo ni kazi yetu, na inaanza mbele ya siku ya safari.

Kwanza, majira. Ziwa letu ni refu, zaidi ya kilometa 600, na kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane upepo wa kusini unalipitia lote na kuinua mawimbi makubwa. Mwenye hawezi kujishika vizuri asichague miezi hiyo. Na hata katika miezi mizuri, siku upepo unapokataa, tunalala. Ndiyo maana tunasema polepole: tupange siku za ziada kwenda na kurudi, ili mtu asilazimishwe kupanda kwa kuogopa feza ya chakula itakwisha.

Pili, mapatano na wenye boti. Twende kuwaona siku moja mbele, mchana, wakati hakuna fujo. Tuulize: boti inasimama wapi, ngazi iko, ao watu wanabebwa katika maji? Kinga ya magurudumu matatu italipiwa kama muzigo? Bei ipatanwe mbele, pamoja na ya wabebaji. Mwenye kubebwa ndiye anaongoza: aseme yeye mwenyewe wapi pa kumshika na wapi panauma. Wabebaji wawili, siyo mmoja, na wasimvute kwa mikono, mabega yanaharibika.

Tatu, nafasi ya kukaa. Aingie wa kwanza, mbele ya magunia, akae chini katikati ya boti, mbali na moto ya mashine. Jile ya kuokoa aivae tangu pwani. Na tusikubali hata kidogo mtu afungwe kamba kwenye kiti chake ao kwenye boti ili "asianguke". Boti ikipinduka, ile kamba inamuua.

Nne, mwili. Kukaa saa nyingi kwenye mbao kunaleta vidonda, zaidi kwa yule ambaye hasikii maumivu kwenye makalio. Achukue mto mzuri, ajiinue ao ageuke mara kwa mara, karibu kila nusu saa. Mwenye miguu inavimba achezeshe nyayo. Wamama wengi wanaacha kunywa maji siku ya safari kwa sababu ya haya ya kukojoa. Tunawaambia wazi: hiyo inaleta ugonjwa. Kuchukua kopo yenye kifuniko na kitenge cha kujifunika, na msindikizaji mwanamke, ni vizuri kuliko kukaa na kiu.

Tano, kule tunafikia. Moba bandari iko chini, Kirungu iko juu ya mulima. Mtu anaweza kuvuka ziwa vizuri halafu akashindwa na ule mupando. Tupige simu mbele: nani atatupokea, moto gani itapanda naye, nyumba iko na ngazi ngapi, choo iko mbali? Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati kinatosha kusaidia mtu asiyeweza kuchuchumaa. Fundi wa pale anaweza kukitengeneza mbele hatujafika.

Sasa feza. Wafadhili wametuuliza: kutembea kwa wandugu ni lazima kweli, wakati kuko shida ya mashamba na masomo? Tunawajibu kwa heshima. Mtu aliyekimbia vita alipoteza watu kwanza, mali nyuma. Kama amerudi katika inchi yake lakini hajaona dada yake, kurudi kwake hakujakamilika. Na hatuombi kese ilipe safari yote. Kila mmoja alipe tiketi yake kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Tunaomba kese ilipe kitu kimoja: tiketi ya msindikizaji. Mwenye miguu mizima analipa nafasi moja, mwenye ulemavu analipa mbili. Hapo ndipo wengi wanashindwa.

Komite italeta jambo hili katika mkutano unaokuja, na kila memba atasema mawazo yake. Wenye kutaka kusafiri baada ya upepo kutulia waandikishe majina tangu leo, na waseme ndugu gani wanataka kumuona.