MAVAZI YA KWENDA NAYO KWENYE KIPIMO CHA MOYO

(Mazungumzo ya mhudumu wa afya katika mkutano wa wanachama. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani.)



Najua hesabu za mbolea zinangoja, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Msimu huu wenzetu kadhaa wamepewa barua za rufaa wakapimwe moyo mjini. Mmoja amekwisha kwenda na amerudi bila majibu. Nauli ameitoa, siku mbili amelala kwa watu, na kipimo kikakatishwa njiani. Hakushindwa na moyo, ameshindwa na viatu. Alivaa vile vyake vyeusi vya ngozi vya kwendea kanisani, soli inateleza kama sabuni. Huko alikopewa barua hakuna aliyemwambia avae nini. Ameniruhusu niyaseme haya, ila jina nisilitaje.

Kwanza mjue kipimo chenyewe. Wengi wanadhani ni kulala kitandani kama kile cha kawaida cha umeme wa moyo. Hapana. Hiki unatembea. Kuna mashine yenye mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini ya miguu yako, nawe unatembea juu yake bila kwenda popote. (Kicheko.) Utaratibu unaotumika sana ulitungwa na daktari Mmarekani, Robert Bruce, miaka ya 1960. Unaanza polepole, kilomita 2.7 kwa saa, lakini tayari ni mlima: kila mita 10 unapanda mita moja. Kila baada ya dakika 3 mwendo unaongezwa na mlima unaongezwa. Ikifika dakika ya saba ni kama unapandisha mzigo wa kahawa kutoka mtoni huku mvua inakufukuza.

Daktari anataka moyo uende mbio kiasi cha kutosha ndipo auone tabia yake. Hesabu yao ni hii: 220 toa umri wako, kisha uchukue asilimia 85 yake. Mzee wa miaka 60 anatakiwa kufika mapigo 136 hivi kwa dakika. Sasa ukisimama kwenye mapigo 100 kwa sababu kidole kinabanwa na kiatu, daktari hana la kuandika. Hawezi kusema moyo ni mzima, hawezi kusema ni mgonjwa. Unapangiwa tarehe nyingine, na nauli nyingine.

Kwa hiyo tuanze na miguu. Raba ndicho kiatu chake. Raba ya kufunga kamba, soli ya mpira isiyoteleza, inayokutosha wewe, siyo ya mjukuu. Kandambili hapana, makubazi hapana, gambuti hapana kabisa. Mtumba wa mnadani unafaa, mradi soli haijaachia. Ukinunua, usisubiri siku ya safari. Ivae wiki nzima, nenda nayo kisimani na dukani, malengelenge yatokee huku nyumbani. Soksi pia, tafadhali.

Kuna mjumbe amependekeza chama kinunue jozi mbili tatu ziwe zinaazimwa. Nia ni njema lakini mimi siafiki. Miguu yetu hailingani, na kiatu cha kuazima ndicho kile kile kilichomrudisha mwenzetu. Heri chama kimkopeshe mgonjwa fedha ya raba, akatwe kwenye malipo ya kahawa.

Nguo ya chini iwe bukta au suruali pana nyepesi. Jinzi inayobana magoti haifai. Kanzu na khanga zinashuka, zinakanyagwa, na mkanda ule haukusubiri ujifunge upya.

Akina mama, hapa nisikilizeni vizuri, maana naona mmeanza kutazamana. Kifuani unabandikwa vibandiko 10 vyenye nyaya, na vingine vinakaa chini ya titi la kushoto. Gauni la kuvalia kichwani litakuwa taabu. Vaa blauzi pana ya vifungo mbele, na sidiria laini isiyo na waya. Mahali pengi watakupa vazi la hospitali la kujifunika. Kama huvai suruali hadharani, ivae chini ya gauni tangu nyumbani, ukifika unavua gauni huko ndani. Mtandio hauna shida ukifungwa ukakaza. Na kama unaona haya mbele ya mwanamume, omba muuguzi mwanamke mapema, siku ya kupangiwa tarehe, siyo ukiwa umekwisha panda mashine. Kuomba hivyo siyo ukorofi.

Mikono ya nguo iwe mipana au mifupi, kwa sababu presha inapimwa mkononi huku unatembea. Mikufu, rozari na hirizi zivuliwe, zitagongana na nyaya. Oga, lakini kifuani usijipake mafuta, vibandiko havitashika. Wanaume wenye nywele nyingi kifuani watanyolewa kidogo, wasishangae. Chukua taulo na nguo ya kubadili, jasho litakutoka.

La chakula nalipita haraka: usiende umeshiba, na sigara usivute. Kahawa, hii hii tunayoilima, siku hiyo usiiguse, wala chai ya rangi. Dawa zako za presha zipeleke na pakiti zake. Zipo zinazopunguza mbio za moyo, lakini usiache kumeza mpaka daktari mwenyewe akwambie.

Na ukiwa juu ya mashine, kifua kikiuma, kichwa kikizunguka au pumzi ikikatika, sema pale pale. Usijikaze kisabuni. Kusimama kwa maumivu ya kifua ni jibu ambalo daktari analihitaji. Kusimama kwa kiatu siyo jibu.

Wenye barua za mwezi huu waniletee raba na nguo zao nizione Alhamisi jioni, ghalani, kabla mizani haijafungwa.