Tumuulize Mwenyewe
Mazungumzo mbele ya wanamemba, juu ya wagonjwa waliopoteza sauti



Komite iliniomba niseme juu ya wagonjwa ambao mikono haifanyi kazi na mdomo hautoi sauti. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Hapa Uvira kuna mama mmoja aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu, akapata tena parsele ya marehemu bwana yake. Halafu kiharusi, ile tunaita AVC, kikamwangusha. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilikaa karibu na kitanda chake nusu saa nzima, nikimuuliza binti yake: mama anakula nini, analala namna gani, anaumia wapi. Kwenye fishi nikaandika "hawezi kujibu". Yeye mwenyewe sikumuuliza hata neno moja. Fishi ile ikawa ushuhuda nyumbani: mama hana akili tena, basi mkwe atafute mtu wa kununua parsele, pesa ya matunzo ipatikane.

Aliyenirekebisha ni mjukuu wa miaka 9. "Tonton, bibi anajibu. Akitaka maji anaangalia juu."

Tukapatana na mama: kuangalia juu ni ndiyo, kufunga macho kwa nguvu ni hapana. Kupepesa tulikuacha, sababu kila mtu anapepesa hata bila kutaka. Kwanza tukamuuliza mambo ambayo majibu yake tunayajua: majina ya watoto, kijiji alikozaliwa. Hakukosa hata moja.

Kisha tukachukua kartoni na markeri. Kazi hii ina historia. Mfaransa Jean-Dominique Bauby, mhariri mkuu wa gazeti Elle, alipigwa na kiharusi mwaka 1995, akabaki na ukope wa jicho la kushoto tu. Mtu alimsomea herufi, yeye akafunga jicho kwenye ile anayotaka, na kitabu kizima kikatoka mwaka 1997. Herufi zilifuata matumizi ya Kifaransa, E mbele. Kiswahili chetu kinapenda A. Hesabuni kwenye ukurasa huu mtaona. Kwa hiyo msikopi kartoni ya Kifaransa. Sisi tuliweka A, I na U mwanzo wa mistari. Q na X zilikaa mwisho, lakini hatukuzitupa, juu majina yetu ya ubatizo yanazihitaji.

Mistari ni 5. Ninauliza: wa kwanza? wa pili? Akiangalia juu, nasoma herufi za mstari ule moja moja.

Mama akatoa W, A, S, I, U, Z. Mimi niliyesoma Kigoma nikarukia: "Wasiuze!" Mkwe akacheka: "Kumbe anasema tusinunue kitu." Mnajua wenyewe, ng'ambo kuuza ni kutoa mali upate pesa, na kwetu kuuza ni kununua. Mama akafunga macho kwa nguvu. Tukaendelea: I, S, H, E. Wasiuzishe. Ilichukua karibu dakika 12, na hakuna aliyecheka tena.

Kartoni haifai kwa kila mtu. Asiyesoma achorewe picha: maji, choo, maumivu, padri, simu ya mtoto aliye mbali. Tena kuna AVC inayoharibu lugha yenyewe ndani ya kichwa, hapo herufi hazisaidii kitu. Picha na ishara zinaweza kufaa zaidi, na muganga amwone.

Wafadhili wameuliza juu ya tableti zinazosema. Ni vizuri, lakini umeme wetu mnaujua, na mgonjwa asiyeweza kuinua kidole anahitaji kifaa kingine cha kuiongoza. Mimi ningeomba kwanza transpoti ya watu 2 wa kupita nyumbani kwa nyumbani kufundisha familia. Tableti ifuate pale kartoni imekwisha kuzoeleka.

Parsele haijauzishwa. Kartoni ya kwanza ilinyeshewa, mjukuu akaandika nyingine, na chini mama akaomba neno moja zima liongezwe: BADO. Tukitaka kumalizia neno lake, macho yanakwenda pale.

Kartoni 3 nimeziacha kwa sekretari. Mwenye mgonjwa nyumbani aje Jumanne, aje na mtoto anayejua kusoma.