Maji ya Kahawa Yapewe Muda

Msikilizaji, ukivuka madaraja ya Othaya, Tetu au Mathira kati ya Oktoba na Desemba, pua hutangulia macho kukujulisha kwamba viwanda vya kahawa vimeanza kazi. Viwanda vya vyama vyetu vya ushirika vilijengwa karibu na mito kwa sababu kumenya kahawa kunataka maji mengi. Maji hayo hutoka yamebeba vipande vya maganda na ule utelezi mtamu wa kahawa mbivu. Yakimwagika mtoni, bakteria huila sukari ya utelezi huo kwa pupa, na wakiila humaliza oksijeni ya mto. Samaki hukosa pumzi. Majirani wa chini huchota maji meusi yanayonuka, na mabaki huteremka hadi Sagana, yaani Tana yenyewe.

Sheria ipo. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza maji yaachiliwe ikiwa uchafu wake unahitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita ili uozeshwe. Maji mabichi ya kumenyea kahawa huhitaji maelfu.

Bakteria hawa si maadui. Kosa letu ni mahali tunapowalishia. Wakila ndani ya uwanja wa kiwanda, wanatusafishia. Wakila mtoni, wanauua mto.

Viwanda vingi huchimba mashimo ili maji yazame ardhini. Hiyo mimi siiti tiba. Novemba, kahawa ikifurika na mvua ikinyesha, shimo hujaa na kumwaga. Kwanza tupunguze maji kwa kuyazungusha yatumike tena, na maganda tuyatenge yawe mboji ya mashambani. Maji yanayobaki yatulie, yatiwe chokaa, maana yakichacha huwa makali kiasi cha kuwalemea bakteria wengi wanaohitajika. Kisha yapite polepole kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete au mafunjo. Matete yenyewe hayanywi uchafu mwingi kama tunavyodhani; huteremsha hewa kidogo hadi mizizini, na bakteria hujenga makao hapo na juu ya mawe. Ndiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na vinamasi vya mabonde yetu kabla hatujavikausha. Na tafadhali, nduma za kula zisipandwe kwenye kitanda hicho cha kokoto.

Jijini Nairobi, kinamasi cha kutengenezwa cha namna hii kilianza kusafisha majitaka ya mkahawa wa Carnivore miaka ya 1990. Lakini mkahawa hupika kila siku, ilhali kahawa huja kwa msimu. Kitanda kilichopimwa kwa siku ya kawaida kitazama Novemba, na mwezi wa Februari kitakauka mimea ife. Kwa hiyo kipimwe kwa siku ile yenye kahawa nyingi kuliko zote, na mtu alipwe kukitunza kiangazi.

Wanachama, gharama ya kitanda hicho iulizwe kwenye mkutano mkuu wa mwaka, kama mnavyouliza bei ya kilo. Kamati iseme maji yanaishia wapi, na nani huyapima. Ikikubali kujenga, kitanda kiwe tayari mapema, kwani matete yakipandwa Aprili, mvua ndefu zikinyesha, yatakuwa yameshika mizizi kahawa ya Oktoba ikifika.