Okidi za Kitulo: Kuchimba au Kupanda?
Msikilizaji, tubaki kidogo Kitulo, uwanda wa juu ulio kati ya Njombe na Mbeya, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mvua zikikolea, okidi huchanua katikati ya majani. Kiangazi shina hunyauka, lakini kiazi hubaki hai ardhini, na mwaka unaofuata huchipua tena.

Tatizo ni kiazi hicho hicho. Huchimbwa, huvushwa hadi Zambia, kisha husagwa na kuchanganywa na karanga kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Aking'oa kiazi, mchimbaji ameondoka na mmea wote.

Ni kweli, Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na urithi huu ni wetu sote. Lakini, kwa upande wa pili, mchimbaji naye ana ada ya shule ya kulipa, na kumkamata hakumpi kipato kingine.

Mimi naona okidi hizi tuzipande. Si kazi nyepesi: mbegu ya okidi, ndogo kama vumbi, haioti porini bila kuvu ya udongoni kuilisha, na huchukua miaka kufikia kuchanua.

Je, nani atamwezesha mkulima kuisubiri miaka hiyo?