Mlango wa Mama Mwanafunzi

Msikilizaji wa Meru na Embu, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka kila mwajiri nchini Kenya atenge chumba cha kunyonyeshea, chenye sinki, friji na viti vya starehe, wala kisiwe chooni. Vyuo vikuu vyetu navyo ni waajiri. Chumba anachostahili mhadhiri kisimkatae mwanafunzi aliyeolewa anayenyonyesha.

Wapo wasemao aahirishe masomo, alee kwanza. Lakini karo na mitihani humngoja palepale, naye mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, si mama asiye na elimu. Wengine watataja gharama. Chumba tayari kinadaiwa na sheria, kilichobaki ni kumfungulia mwanafunzi mlango. Nanyi waume, mpokeeni mtoto mama yake anapodurusu: kidole kimoja hakivunji chawa.